Hapa Hajashinda Mtu

Fundi bomba alipoingia dukani akirukaruka, tiketi mkononi, mwenye duka hakumpongeza. Alimziba mdomo.

"Shinda kimyakimya, kaka yangu! Unataka kuniua kwa njaa?"

Msimcheke mpaka mjue yaliyomsibu. Mwaka mzima dada huyu aliuza tiketi za bahati nasibu akiwa na wateja wawili tu, nzi na vumbi. Ng'ambo ya barabara, mzee mmoja wa biashara hiyohiyo alikuwa na foleni mpaka kwenye mlango wa kinyozi, kwa sababu ya kibao kimoja: HAPA ALISHINDA MTU. Watu walisema bahati ikishaijua njia haipotei. Dada akaanza kufungasha virago arudi kukaa kwa wifi yake, yule anayekutilia sukari kwenye chai mwenyewe, kisha akasimama kukuangalia unavyokunywa.

Ndipo akili ikamjia. Akapaka rangi kibao chake: HAPA HAJAWAHI KUSHINDA MTU. ZAMU YETU IMEFIKA.

Lo! Kesho yake foleni nzima ikavuka barabara. "Kwa mzee bahati imeshatumika," walielezana, nyuso zimekunjamana kitaalamu. "Huku bado ipo nzima." Fundi bomba ndiye aliyekuwa wa kwanza kuhama. Mipira ya namba inayochezeshwa huko mbali kumpata mshindi haijui duka hili wala lile, lakini nani angewaambia? Si dada.

Na sasa huyu hapa, ameshinda! Ikijulikana, mpaka mchana foleni imeyeyuka, na wifi anamtandikia sebuleni.

"Lakini dada, nina furaha," fundi bomba alilalamika chini ya kiganja cha dada. "Niipeleke wapi?"

Dada akafikiri. Kisha akamshika mkono, akampitisha mlango wa nyuma, wakazunguka mpaka kwa mzee. Walimkuta peke yake, anapiga miayo chini ya kibao chake.

"Shikamoo, mzee wangu. Leo nimekuja kukupigia magoti." Akamweleza yote bila kuficha. "Sema tiketi alinunua kwako. Apige kelele zake hapahapa mpaka koo limkauke. Mimi nibaki na sifuri yangu, wewe uwe na washindi wawili. Tule sote."

Mzee akamtazama fundi bomba kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu vyenye matope. Akainuka, akafunga mlango taratibu. Machozi yalikuwa yakimlengalenga.

"Wawili wa wapi, mwanangu?" akanong'ona. "Tangu nifungue duka hili, huyu ndiye wa kwanza."