Chatu wa Sanduku la Barafu

Mtoto wa madam aliogopa, kwa hivyo chatu akawekwa mabegani mwa Valary, yaya wake, ili picha ipatikane. Valary akashtuka. Chatu alikuwa baridi kama nyama iliyotoka kwenye friji.

"Usijali, dada," mwenye chatu, Mkenya mwenzake, alicheka, akimwonyesha sanduku la barafu. "Akipoa hivi haumi. Tangu asubuhi namtoa, namrudisha."

Umati wa maonyesho ya Jeddah ulisukumana, simu juu. Polepole chatu akaingiza kichwa ndani ya mkono wa abaya la Valary, akatulia kwapani penye joto.

"Yalla, Valary! Halas!" madam aliita, akitaka waondoke.

Sanduku likafunguliwa. Valary akaanza kumbandua, kama alivyombandua mwanawe shingoni siku ile ya kuondoka Kenya, kwenye uwanja wa ndege.

Chatu akakaza.