Jibu la Jana

"Debaga yangu haiulizi kitu mara mbili," Ondiek alijigamba. Aliiunda mwenyewe, isake makosa katika programu inayoendesha chumba baridi cha samaki pale ufukweni. "Jibu la kwanza inaliweka kichwani. Ndiyo maana ina mbio."

Mama mwenye samaki akauliza baridi ikoje. Skrini ikajibu papo hapo: digrii mbili.

"Samaki wako wanalala kama wako kwenye baridi ya Limuru, Mama."

Mama akaingia chumbani, akatoka na samaki mmoja, ngege, akamlaza juu ya kibodi. Jicho lilikuwa limezama, jeupe kama maziwa. Maji vuguvugu yakachuruzika katikati ya herufi.

Ondiek akakumbuka kwamba debaga aliiwasha jana asubuhi, na baridi iliiuliza wakati huo tu.

"Nyathina, mwanangu," Mama akasema kwa upole, "hebu iulize mara ya pili."