Kwaya ya Sinza

Demetria aliingia baa amekumbatia kitabu cha nyimbo za kanisa, akaenda moja kwa moja kwenye meza yake, ile iliyo nyuma ya nguzo nene.

Meza mbaya ile. Ukikaa pale jukwaa unaliona nusu: mwimbaji unamwona, wapigaji unawasikia tu. Lakini na wanaopita mlangoni nao hawakuoni, na hilo ndilo analolitaka mama aliyeaga nyumbani kwamba anakwenda mazoezi ya kwaya. Aliagiza soda, akatoa kitambaa chake cheupe, akakishika tayari mkononi.

Mwanamume wa nje hakuwepo. Afadhali angekuwepo, maana kosa la namna hiyo lina jina lake na padri analijua. La Demetria lilikuwa wimbo.

Wimbo wenyewe ni wa mumewe. Apolinari aliutunga ujanani, bado mwimbaji wa bendi, siku Demetria alipomfungia nje kwa sababu ya pombe. "Deme, usifunge mlango." Ulipigwa kwa matarumbeta, mbiombio, mji mzima ukacheza. Na Demetria alicheza. Kulia, hakulia hata siku moja.

Sasa huyu kijana Brightson, mwimbaji wa bonanza la Jumapili hapo baa ya Sinza, aliurudia kivyake. Alitupa matarumbeta, akabakiza gitaa moja linalokwenda polepole, likikaribia jina linasita, kama mtu anayeogopa kubisha hodi. Kila akiuanza husema yaleyale: "Huu si wangu, jamani. Mwenyewe yupo." Mara ya kwanza Demetria aliusikia anapita njia, anatoka msibani, akasimama barabarani akalia kuliko alivyolia msibani. Miaka yote ile, ndiyo kwanza anajua kwamba yule mtu mlangoni alikuwa anaomba kweli.

Tangu hapo hakukosa Jumapili, na tangu hapo nafsi ikawa inamsuta. Apolinari alishapasuliwa koo. Ile sauti iliyowalisha imebaki mnong'ono. Redio ikiupiga wimbo wake, ule wa matarumbeta, humtazama mkewe, na Demetria humwambia hakuna atakayeuimba kama yeye. Mzee huinamisha macho. Basi Demetria huuchukua mkono wake wa kushoto akampaka mafuta vidoleni, maana vimechubuka nchani. Ni jembe, mzee alisema, mihogo ya Pugu imevamiwa na majani. Mtu anakulimia mpaka anachubuka, wewe unamdanganya. Na Jumapili ikifika ndiye anayekuharakisha: nenda mama, utawachelewesha wenzio.

Jirani yao Wahiba, mwenye duka, alishaanza kunusa.

"Mama Clara, kwaya yenu siku hizi inanukia nyama choma," alimwambia mbele ya wateja.

Kisha akaongeza kwamba Jumapili alimletea mtungi wa gesi, akabisha hodi mpaka mkono ukamuuma, hakuna aliyefungua. Demetria alijibu kwamba mzee akishameza dawa zake hasikii hata bomu.

Jumapili hii, Brightson alipofika kwenye jina, gitaa lilisita kuliko siku zote, na Demetria akashindwa kuimaliza soda. Aliona sasa yaishe. Akapitia kanisani kuuza sura kama kawaida yake, akasalimiana na wanakwaya wa kweli waliokuwa wanatoka, halafu akachukua bajaji mpaka Kinondoni.

Alimkuta mumewe bafuni, anaoga. Kila Jumapili akirudi humkuta anaoga. Akaona heri iwe hivyo. Mlango ukiwa katikati, maneno huenda yakatoka.

"Baba Clara, sitoki kwaya mie. Natoka baa. Kuna kijana anauimba wimbo wako, na unaniliza. Ulivyouimba wewe haukuwahi kuniliza. Nisamehe, mume wangu."

Maji yakanyamaza. Demetria aliegemeza paji la uso kwenye ubao, akangoja. Safari hii aliyefungiwa nje ni yeye.

Kitasa kikazunguka. Apolinari alitoa kichwa, povu bado limemjaa masikioni, akasogeza mdomo karibu ili ule mnong'ono ufike.

"Jumapili ijayo usikae nyuma ya nguzo, Deme," alisema. "Nikiwa napiga gitaa, nakiona kitambaa tu."