Maji ya Asiye na Jina

Bomba la nyumbani halimpi maji asiye na jina, na mama mkwe hataki mtoto aitwe jina kabla ya siku ya saba.

Binti yangu alikuwa na siku nne. Alijichafua mpaka shingoni, na mgao wa maji wa siku, wangu na wa mama mkwe, ulikuwa umekwisha.

“Vumilia, mwanangu,” mama mkwe akaniambia.

“Mama, ngozi inachubuka!”

Nikalitajia bomba jina la dada yake mtoto, Mwasiti, tuliyemzika mwaka juzi. Maji yakatoka. Nikayapima kwa kiwiko, nikamshikilia shingo, nikamwogesha huku nalia.

“Karibu tena, Mwasiti,” bomba likasema. “Umepungua.”

Siku ya saba tukamwita Zamda. Bomba likakataa.

“Huyu namjua,” likasema. “Ni Mwasiti.”