Kifungu cha Sauti

Zamda alimkuta mwenzake Haroub yu karibu kuing'oa maktaba ya sauti, msimbo huria waliouchukua mtandaoni, kwenye programu yao ya kuwasomea vipofu.

“Leseni yake itatulazimisha kuuanika msimbo wetu wote,” alisema Haroub. “Kifungu hiki cha msamaha, cha kutuondolea sharti hilo, kinahusu zana za kuundia programu, si maktaba.”

“Hicho sicho, bwana. Shuka chini ya ukurasa. Hiki hapa: ukiiunganisha tu na programu yako, programu hubaki yako. Tukiibadilisha maktaba yenyewe, tutayaanika mabadiliko hayo tu.”

Haroub alisoma mara mbili, akatabasamu.

Zamda akabonyeza kitufe. Sauti ikaanza kumsomea gazeti Bi Kidawa, kipofu aliyekuja kuijaribu. Bibi akanyoosha mkono hewani, akimtafuta msomaji.