Birika la Jumapili

Mama mkwe hakuitikia shikamoo. Alipita moja kwa moja hadi mezani, akachomoa gazeti mkobani na kulibwaga juu ya vitunguu ambavyo mkwewe alikuwa akivimenya.

"Hiki nini?"

Mkwe alifuta machozi ya vitunguu kwa kiwiko. "Gazeti, mama."

"Najua ni gazeti! Mimi sisemi kitu, lakini macho ninayo."

Kwenye kona ya ukurasa wa mwisho, pale panapotoka vichekesho kila Jumapili, birika lenye miguu miwili lilikuwa limejishika kiuno, linalifokea friji: "Mimi sisemi kitu, lakini wewe kazi yako ni kukaa tu unapoa!"

Jumapili ya nyuma yake, birika hilohilo lilikuwa hospitali, linamfundisha daktari kushika sindano. Kabla ya hapo lilikuwa harusini, linaikagua keki kwa kijiti. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Wanakwaya wenzake mama mkwe walicheka kuliko wote, na sasa walikuwa wakimwita Mama Birika, tena mbele ya watoto.

Alimtazama mkwewe kuanzia aproni hadi ndala. Mwanamume mzima, ndevu zimemjaa, anashinda jikoni wakati mkewe yuko ofisini anahangaika na hesabu za watu! Eti ni mwalimu wa madarasa ya jioni. Kazi gani hiyo ya kutoka na popo?

Na nyumba yenyewe ilikuwa aibu tupu. Ukutani, juu ya meza ya wino, ilibandikwa michoro: kibanio cha nguo kilichotiwa macho kikawa mamba, uma uliosukwa nywele, ganda la yai lililovaa viatu, na kitasa cha mlango kinachopiga miayo. Hata chumvi ilikuwa na masharubu. Alipoiona mara ya kwanza aliuliza ni nani mwenye upuuzi huu, na mkwe akawahi kujibu, "Ni mimi, mama," kama mtu anayejisifu. Tangu siku hiyo hakumhesabu kuwa mtu.

Yeye mtoto wake, wa pekee, hana kaka wala dada, alimlea kwa kiboko na vitabu vya hesabu. Akatoka mhasibu. Halafu akaja kuokota hiki!

"Birika hili ni langu," alisema, akiligonga gazeti kwa kidole. "Mshikio ulifungwa waya na marehemu mume wangu, ncha ikachomoza juu, ikawa inatuchoma sote. Nililitupa wewe hujawahi hata kukanyaga mlango wangu. Uliliona wapi?"

Mkwe alichomoa kitunguu chini ya gazeti, akaendelea kumenya.

"Kumbe mwanangu anakaa hapa anakuhadithia ya kwetu, na wewe unakwenda kuyaanika! Loo, sijaona mtu wa ovyo kama wewe."

"Nisamehe, mama. Kosa langu."

"Samahani ya jikoni itanisaidia nini? Shika kalamu. Nichoree birika hilohilo, limefumba mdomo, linaomba radhi. Jumapili litoke gazetini, wanakwaya walione. La sivyo, mwanangu leo analala kwangu, na wewe ubaki na friji lako."

Mkwe alijua hayo si maneno ya hasira tu. Mkewe hakuwahi kumkatalia mama yake jambo tangu azaliwe.

"Mama, leo mkono umechoka."

"Umechoshwa na vitunguu? Chora!"

Alichora. Alichora polepole, ulimi nje, jasho likimtoka puani. Alipomaliza, kwenye karatasi palikuwa na kiazi kilichoanguka, na ubavuni mwa kiazi kitu kama mkia.

Mama mkwe alikiangalia. Damu ikampanda kichwani.

"Friji unalichora likapendeza, mimi ndiye nimekuwa kiazi! Unanidhihaki usoni kwangu!"

"Sivyo, mama..."

"Nyamaza. Basi nisikilize, na Mungu anasikia. Mkono uliochora birika lile la gazetini usinitie udongo siku nikifa. Usiguse hata jeneza langu. Umenielewa?"

Mkwe alisimama ghafla mpaka kiti kikagonga ukuta. "Mama, usiseme hivyo! Futa hayo maneno. Niite utakavyo, nifukuze, lakini hayo yafute, nakuomba!"

"Sifuti hata nukta."

Alijisikia vizuri kwa mara ya kwanza tangu Jumapili. Alaa, kumbe hata huyu ana pa kuumia! Alivuta kiti, akaketi, akatandaza kanga yake magotini na kumtazama.

Mlango ukafunguliwa. Binti aliingia kutoka kazini, mkoba begani, uso ukamng'aa.

"Mama! Shikamoo! Mbona umekuja bila kusema?"

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja, na yangu nimeshayasema."

Mkwe aliifunika karatasi kwa kiganja. "Usiangalie, mke wangu. Si kitu. Nenda kwanza ukanawe."

"Unanificha nini?" Binti akaivuta akicheka. "He! Hili birika limefanya kosa gani mpaka umelionea hivi?"

"Iache, nakwambia!"

Lakini alikuwa ameshaichukua kalamu kutoka vidoleni mwa mumewe. Hakukaa, wala mkoba hakuutua. Akainama juu ya meza, macho yake yakiwa kwa mama yake, na kalamu ikaenda yenyewe. Kifuniko kikakaa upande. Mdomo ukafumba. Waya ukauzunguka mshikio, na ncha yake ikachomoza juu.

"Goti lako linaendeleaje, mama?" aliuliza mwanawe wa pekee, huku akiupuliza wino ukauke.