Ishara ya Kidevu

Siku Kitale ilipoiheshimu bendi yake ya roki, Pritam, mpiga gitaa, aliketi mstari wa mbele ukumbini, shada la maua shingoni. Mapazia yalifungwa mchana ule, filamu ya maisha yao ikaanza.

Jukwaani, chini ya skrini, baraza la mji lilikuwa limepanga ngoma za mwenzao wa bendi waliyemzika Kimilili mwaka wa themanini na sita. Vijiti vyake vilifungwa pamoja kwa utepe mwekundu.

Filamu ikafika kwenye shoo ya Bungoma. Mpiga ngoma, yule marehemu, alionekana amenyanyua vijiti, akitazama kando. Hakupiga.

"Ati imekwama?" mama mmoja akanong'ona.

"Haijakwama, mama. Si unaona nondo wanazunguka taa pale kwenye skrini?" kijana jirani yake akajibu.

Kweli walizunguka. Tone la jasho lilimteremka mpiga ngoma hadi kidevuni, likadondoka, jingine likafuata. Vijiti vilibaki juu.

Maisha yake yote, marehemu hakuwahi kuanza wimbo kabla Pritam hajamwashiria kwa kidevu.

Macho ya kwenye skrini yakageuka polepole, yakashuka ukumbini, yakatulia mstari wa mbele.

"Bwana Pritam, uko sawa?" Meya, aliyeketi kando yake, akauliza.

Pritam aliikaza shingo mpaka ikauma. Lakini mwili una mazoea yake. Kidevu kikashuka.

Kwenye skrini, mikono iliyonyanyuliwa ilikuwa mitupu.

Chini yake, gizani, utepe ukakatika.